Je, wajua kwa nini mradi wa chuo huingia kata moja na kuiruka ya jirani?

"Hao wana mtu wao huko juu." Ndivyo tulivyokuwa tukisema nyumbani, Mtwara vijijini, tuliposikia watafiti wamepeleka mradi wa kina mama na watoto kata ya jirani, na kwetu hawakutia mguu. Niliamini hivyo kwa miaka. Nilidhani kata hupatikana kwa kujuana, au kwa kuwa karibu na lami. Nilipoambiwa kwamba huanza na walio maskini zaidi, nikaamini na hilo. Lakini dhana iliyoniumiza kuliko zote ilikuwa kwamba tuliorukwa tuliachwa makusudi, watoto wetu waugue ili wahesabiwe.

Hapana. Katika utafiti wa aina hii, unaopima kama mradi unasaidia kweli kwa kulinganisha kata zilizoupata na zisizoupata, kata hugawanywa kwa kura, kwa maana ya bahati nasibu. Hakuna anayechagua, na hiyo ndiyo maana yake. Kata ambayo kura haikuiangukia hainyang'anywi kitu: zahanati yake, kliniki yake na chanjo zake hubaki zilivyokuwa.

Chukua mradi wa Mtunze Mtoto Mchanga. Kati ya 2010 na 2013 Taasisi ya Afya Ifakara na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walishirikiana na wanavijiji wa Lindi na Mtwara kwenye kata 132. Kura iliangukia 65. Huko, wanawake zaidi ya 800 wa vijiji hivyohivyo walijitolea kumtembelea mama mara tatu akiwa mjamzito na mara mbili akishajifungua. Walizungumza naye juu ya usafi wakati wa kujifungua, kumpa mtoto maziwa ya mama pekee, na kumbeba aliye mdogo kifuani, ngozi kwa ngozi. Kinachonivutia zaidi ni unyayo. Kijijini mizani haipo kila nyumba, basi urefu wa unyayo wa kichanga ukatumika kumtambua mtoto aliyezaliwa mdogo mno. Sentimita moja tu ya unyayo inaweza kuamua kama mama abaki nyumbani au aondoke kwenda hospitali.

Sasa, kwa nini kura? Anayejua korosho ataelewa upesi. Tuseme una mikorosho mia na umeletewa salfa mpya, dawa ya kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho. Ukiipuliza yote na mavuno yakaongezeka, utajuaje kama ni salfa, au mwaka huo ugonjwa wenyewe ulikuwa haba? Basi unapuliza nusu. Nusu ipi? Ukichagua ya karibu na nyumba, hiyo ndiyo unayoipalilia kila mara, ingezaa vizuri hata bila dawa. Ukichagua iliyodhoofika kwa kuihurumia, dawa nzuri itaonekana mbovu. Lakini ukiokota kwa kura, mizee na michanga, ya bondeni na ya kilimani, itaangukia pande zote mbili karibu sawasawa, hata kwa mambo usiyoyajua wewe mwenyewe. Iwe mingi, lakini. Kwa mikorosho miwili kura haikusaidii kitu, maana mmoja huenda una mchwa.

Kata nzima huchukuliwa, badala ya nyumba moja moja, kwa sababu watu huongea. Mama aliyefundishwa leo, kesho yuko kisimani anamsimulia mwenzake. Ni jambo jema kabisa, ila ukigawa nyumba kwa nyumba, baada ya mwezi hujui tena nani alifikiwa na nani hakufikiwa.

Matokeo ya Mtunze Mtoto Mchanga yalitolewa 2015. Kwenye kata zilizotembelewa, kina mama wengi zaidi waliwapa watoto maziwa yao pekee katika siku tatu za mwanzo. Vifo vya watoto wachanga, hata hivyo, havikuonyesha tofauti ya kutegemewa kati ya pande mbili. Hii haimaanishi kwamba wanawake wale walipoteza muda wao. Ushauri wa nyumbani humfikisha mama mlangoni pa kituo; akiingia, lazima akute mkunga, dawa na vifaa, na vitu hivyo mwanamke wa kujitolea hawezi kuvileta kwa miguu.

Miaka hiyohiyo, kujifungulia kituoni kulikuwa kumepanda sana kusini, kwenye kata zilizotembelewa na zisizotembelewa. Aliyehesabu zile 65 peke yake angeona ongezeko hilo na kuupa mradi sifa yote. Kilichomzuia kukosea ni zile 67 nyingine, ambako nako kaya zilipitiwa na kina mama wakakaa kujibu maswali juu ya mimba zao, uzazi wao na watoto waliowazika, ingawa hakuna mwanamke wa kujitolea aliyekuwa amewatembelea.