Kwa nini pikapu tupu huruka kuliko SUV

Katika kazi yangu ya sasipensheni, yaani springi, shokapu na viungo vinavyolishikilia gari juu ya magurudumu, swali ninaloulizwa mara nyingi ni kwa nini pikapu kubwa, hata iwe ghali namna gani, huwatikisa abiria wake kuliko SUV iliyojengwa juu ya chesisi ya jamii ileile. Wengi huzishuku shokapu, wakazibadilisha zote nne, na gari likaendelea kuruka vilevile. Sababu kubwa ni springi za nyuma, na hasa tofauti ya uzito zinaoubeba gari likiwa tupu na likiwa limepakia.

Hesabu yake ni fupi. Kadiri springi inavyobonyea zaidi kwa uzito ulioilalia, ndivyo bodi inavyopanda na kushuka polepole zaidi. Springi iliyobonyea kiasi cha sentimita 25 huichezesha bodi takriban mara moja kwa sekunde, mwendo ambao watu wengi huuona wa kustarehesha. Iliyobonyea sentimita 6 huichezesha mara mbili kwa sekunde, na hapo malalamiko huanza. Sasa tuseme mzigo unaufanya uzito wa nyuma uwe mara tatu. Springi laini ingelazimika kubonyea sentimita 75, nafasi ambayo haipatikani chini ya pikapu yoyote ya kawaida, ilhali ile ngumu ingefika sentimita 18. Msanifu wa pikapu hulazimika kuchagua ngumu, na ndiyo maana pikapu ileile iliyokutesa ikiwa tupu hutulia ajabu inapobeba mzigo wake halali. SUV hubeba watu na mabegi, uzito wake haubadiliki kwa kiwango hicho, kwa hiyo msanifu wake ana uhuru wa kutumia springi laini.

Springi za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, ambazo bado zimo nyuma ya pikapu nyingi, zina tatizo jingine ambalo watu hawalitaji. Tabaka hizo husuguana, na katika mikwaruzo midogo ya barabara msuguano huo huweza kuzishika springi zisicheze kabisa, gari likabaki kuchezea tairi peke yake. Mtikisiko unaotokea ni wa haraka zaidi na husogelea mara 4 hadi 8 kwa sekunde, eneo ambalo mwili wa mtu aliyeketi huhisi mtikisiko wa juu na chini kwa ukali kuliko mwingine. Pikapu ya Ram 1500 ya mwaka wa modeli 2009 ilihamia springi za koili, yaani za waya mnene uliozungushwa, nyuma, na Toyota Tundra ya 2022 ikafuata. Hatua hiyo huondoa msuguano wa tabaka, lakini ekseli hubaki nzima, kipande kimoja kinachounganisha magurudumu yote mawili, pamoja na difu yake nzito (gia zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu hayo), hivyo gurudumu moja likigonga shimo, la upande wa pili nalo husukumwa. SUV ya Chevrolet Tahoe ya 2021 ilikwenda mbali zaidi: kila gurudumu la nyuma hucheza peke yake na difu imefungwa kwenye chesisi, wakati Silverado, ndugu yake wa pikapu, ilibaki na ekseli nzima na springi bapa.

SUV nazo hupoteza faida hiyo kwa urahisi, hasa zikivalishwa rimu kubwa zenye tairi nyembamba ubavuni, pambo ambalo mimi binafsi silioni lina maana yoyote. Pikapu ndefu nayo, kwa umbali mkubwa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, haiinamishi pua sana kwenye mawimbi ya barabara kama SUV fupi.

Ukienda kujaribu pikapu, omba uiendeshe ikiwa na uzito unaokusudia kuubeba siku nyingi. Kama siku nyingi itakuwa tupu, tafuta yenye springi za upepo, kwa kuwa ugumu wake huongezeka mzigo unapoongezeka na kupungua unapopungua, ingawa kompresa na mipira yake itahitaji matunzo ambayo chuma hakiyadai.