Injini ya Subaru, propela ya mvule: dhana potofu kuhusu ndege za kujiundia

Mwaka 2011 habari za ndege iliyokuwa ikiundwa uani Ntinda, Kampala, zilisambaa hadi nje ya nchi. Tangu hapo, kila akitokea kijana mwingine na mabomba na mabati yake, watu humuuliza injini kaitoa wapi. Ni nadra kumsikia anayeuliza inazungusha propela ya ukubwa gani, au kati ya injini na propela kuna nini. Huko ndiko uongo mwingi unakozaliwa, na mwingine ni wa kuua mtu.

"Tafuta nguvu farasi nyingi, mengine yatajipa"

Injini haisukumi ndege. Kinachosukuma ni propela, nayo ina mipaka yake. Chukua propela yenye kipenyo cha mita 1.8. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha zake hukata hewa kwa mita 254 hivi kwa sekunde. Izungushe mara 5,000 na ncha hizo zitakwenda mita 471 kwa sekunde, ilhali sauti yenyewe, katika hewa yenye joto kama la kwetu, husafiri mita 347 hivi. Kabla hata ya kufika huko, propela inakuwa mashine ya kelele tu: inakula nguvu na msukumo hauonekani.

Injini za ndege kama Lycoming O-320 au Continental O-200 zimeundwa zitoe nguvu zao zote kwenye mizunguko 2,700 au 2,750, ndiyo maana propela hufungwa moja kwa moja kwenye kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini ya Subaru uliyoipata Kisekka, soko la vipuri la Kampala, haiko hivyo. Nguvu alizokusifia muuzaji zinapatikana ukishapita mizunguko 5,000. Ukiiendesha kwa 2,700 ili propela isipige kelele, umebeba uzito wa injini kubwa na kupata kazi ya injini ndogo.

"Basi nitafupisha propela," atasema mwingine. Kwa mizunguko 5,000 itabidi uikate ibaki na kipenyo cha mita 1 hivi. Kinadharia, ndege ikiwa imesimama na nguvu ya injini ikiwa ileile, propela ya mita 1 hutoa kama theluthi mbili tu ya msukumo wa ile ya mita 1.8. Propela kubwa hushika hewa nyingi na kuisukuma taratibu. Ndogo hushika kidogo na kuitupa kwa kasi, na nguvu inapotelea kwenye upepo unaobaki nyuma.

Hili lilijulikana tangu siku ya kwanza. Ndege ya akina Wright, ndugu wawili Wamarekani walioanzisha ndege za injini, ya Desemba 1903 ilikuwa na injini ya nguvu farasi 12, karibu sawa na pikipiki ya Bajaj Boxer ya cc 150 inayobeba abiria Kampala leo. Injini ilizunguka mara elfu moja na kidogo kwa dakika, lakini minyororo iliyofanana na ya baiskeli ilipunguza mwendo huo, propela mbili za mita 2.6 zikawa zinazunguka mara 350 hivi. Upepo mkali wa mbele uliwasaidia, sawa. Hata hivyo, wangezifunga propela ndogo moja kwa moja kwenye kranki, wasingeondoka chini.

"Giaboksi ni meno tu, fundi wa Katwe ataichonga"

Giaboksi ya kupunguza mizunguko, kama ilivyofanya minyororo ya akina Wright, ataichonga, sina shaka, na itazunguka vizuri mezani. Tabu inaanza ikishafungwa kati ya injini na propela.

Injini ya silinda nne haizunguki kwa ulaini kama mota ya umeme. Hupiga mara mbili kila mzunguko, na kila pigo huusokota ushafti kidogo kisha kuuachia. Upande wa pili kuna propela nzito isiyotaka kubadilisha mwendo ghafla. Ushafti ulio katikati, pamoja na gia zake, unakuwa springi, na kila springi ina mdundo wake. Mapigo ya injini yakilingana na mdundo huo, msokoto hukua kila pigo hadi kupita mara kadhaa ule uliopigiwa hesabu. Dereva wa teksi ya Kampala analijua jambo hili kwa mikono: kuna mzunguko mmoja ambao dashibodi nzima hutetemeka, akikanyaga mafuta kidogo inatulia. Kwenye teksi ni kero. Kwenye ndege ni meno ya gia yaliyomeguka au kranki iliyokatika.

Kwa hiyo kuchonga chuma kigumu zaidi si dawa. Mara nyingi kukaza kila kitu huuhamisha mdundo huo kutoka mizunguko ya chini na kuupeleka palepale unapotaka kusafiri kwa saa nzima. Wanaoifahamu kazi huweka kiungo chenye mpira au springi ili mtetemo mbaya ubaki chini ya mizunguko ya sailensa (injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta), na injini iupite haraka wakati wa kuwaka. Flaiwili, lile gurudumu zito la kutuliza mzunguko wa kranki, nayo hawaiondoi kwa tamaa ya kupunguza kilo. Pia hukwepa uwiano kamili wa 2 kwa 1 (injini mara mbili, propela mara moja), kwa kuwa hufanya meno yaleyale yakutane daima. Rotax 912 ya nguvu farasi 100 ina uwiano wa 2.43, kifyonza mtetemo ndani ya giaboksi, na katazo la kuiacha isinzie chini ya mizunguko 1,400 hivi. Mwenye kuishusha hadi 900 kwa sababu "inasikika tamu" anayatafuna meno ya gia yake mwenyewe.

Mkanda ni mpole kuliko gia, ila nao huvuta kranki upande mmoja, na kranki ya gari haikuundwa kuvutwa hivyo. Puli ya mkanda iwe na beringi zake na mhimili wake. Hata ukifunga propela moja kwa moja jihadhari: injini za Chevrolet Corvair, zinazopendwa na wajenzi wa Marekani, ziliwahi kukatika kranki zikiwa na propela, na wajenzi wakaongeza beringi ya tano upande wa propela ili mzigo usiielemee kranki peke yake.

Ukitaka kujua hali ya kiungo chako, baada ya majaribio ya chini ondoa kifuniko na upitishe kidole kuzunguka boliti. Unga mwekundu kama kutu maana yake vyuma vinasuguana mahali palipopaswa kukaza. Chembe nyeusi zikiwa zimerundikana chini, mpira unaliwa. Kwa vyovyote, usipeleke ndege hiyo angani wiki hiyo.

Kosa la uendeshaji pia lipo. Cessna 175, iliyotoka mwaka 1958, ilikuwa na Continental GO-300 yenye gia, ya kuzungushwa hadi mara 3,200. Marubani waliozoea injini zisizo na gia waliona mizunguko hiyo ni mateso kwa injini, wakaipunguza, na injini ikachakaa mapema na kupata sifa mbaya. Injini yenye gia huendeshwa kwa kufuata kitabu chake, si kwa sikio.

"Nguvu farasi 100 ni 100 popote"

Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vya ndege vya Entebbe na Kajjansi haviko chini ya hapo. Siku ya joto la nyuzi 28, hewa ya Entebbe ni nyepesi kama ya mita 1,900 katika hali ya kawaida. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) iliyopimwa 100 kiwandani itakupa 80 hivi, na propela na mabawa navyo vinafanya kazi katika hewa hiyohiyo nyepesi. Mchoro uliosifiwa na mtu anayerukia ufukweni Ulaya haukuambii njia yako ya kurukia iwe ndefu kiasi gani hapa. Kama unajumlisha abiria, piga hesabu upya kabisa.

"Injini hii imetembea kilomita 300,000, haifi"

Gari likienda 100 kwa saa barabara ya Masaka linatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndege hupanda kwa nguvu zote, kisha husafiri kwa asilimia 75 hivi kwa saa nzima bila kuteremka mlima wala kusimama kwenye taa. Joto la mafuta, rediota na vichwa vya silinda ndivyo vitakavyokuambia kama injini inaweza, si umri wake barabarani. Halafu kuna umeme: injini ya kisasa ya gari inategemea betri, na alteneta ikifa unabaki na dakika za kuhesabu. Injini nyingi za ndege zina magneto mbili na plagi mbili kila silinda, na haziulizi betri kitu.

Mengine madogo nayagusa kwa kupita. Barafu kwenye kabureta haisubiri baridi: hewa yenye unyevu wa kando ya ziwa inatosha, hata joto likiwa nyuzi 25, ukipunguza mafuta kuteremka. Na mvule? Ni mti imara, lakini nyuzi zake hupishana na mara nyingine hubeba vijiwe vinavyoifanya randa iwe butu. Propela nzuri hugundishwa kwa tabaka za mbao zenye nyuzi zilizonyooka, kisha kaza ya boliti zake hukaguliwa mvua za Machi zinapoanza na zinapokwisha, kwa kuwa mbao huvimba na kusinyaa. Ya chuma usiifunge kwenye injini ambayo mtetemo wake haujapimwa. Mbao hufyonza mtetemo. Chuma huutunza mpaka kipasuke.

"Nimenunua injini yenye cheti, nimemaliza"

Nchini Marekani, ndege ya kujiundia yenye injini na propela vilivyoidhinishwa kutumika pamoja hupangiwa kwa kawaida saa 25 za majaribio. Muungano usioidhinishwa hupangiwa 40, hata kama injini peke yake ina cheti. Kinachotazamwa ni ndoa ya vitu viwili. Huku kwetu, nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda (UCAA) ukiwa na karatasi za injini, kiungo na propela kwa pamoja, na uende kabla hujalipia hata kimoja.