Subira kwa nani, fagio kwa nani: namna ya kuisoma timu inayosuasua

Timu ikipoteza mechi nne kati ya sita, mashabiki hugawanyika kambi mbili. Moja inataka kocha aachwe ajenge. Nyingine inataka fagio la chuma: kocha aende, nusu ya wachezaji waende, tuanze upya. Kila kambi ina mfano wake mkononi, na mjadala unaweza kuendelea msimu mzima bila kusogea, kwa sababu wote wanabishania muda. Swali linalosaidia ni lingine: ni sehemu gani ya timu iliyoharibika? Kocha, kikosi, idara ya usajili na hesabu za fedha, kila kimoja hutengenezwa kwa njia yake na kwa kasi yake.

Chukua mfano unaopendwa na watu wa subira, wa Alex Ferguson. Alikabidhiwa Manchester United Novemba 1986 ikiwa karibu na mkia wa ligi. Alimaliza wa 11, kisha wa 2, kisha wa 11 tena, kisha wa 13, na ubingwa wa ligi ukaja 1993. Hayo yote ni kweli, lakini yanaachwa mambo muhimu. Katika miaka hiyohiyo walisajiliwa Brian McClair, Steve Bruce, Mark Hughes, Gary Pallister na Paul Ince, huku Paul McGrath na Norman Whiteside wakiuzwa 1989. Kocha alivumiliwa, kikosi kikafagiliwa. Arsenal ya Mikel Arteta ni vilevile. Alimaliza wa 8 mara mbili mfululizo, akaanza msimu wa 2021/22 kwa vipigo vitatu bila bao hata moja, na mashabiki wengi wakataka aondoke. Kiangazi hichohicho klabu ilikuwa imesajili wachezaji sita, wote wenye umri usiozidi miaka 23, na tayari ilishamwachia Mesut Özil. Februari 2022 ikakubaliana na Pierre-Emerick Aubameyang kuvunja mkataba. Timu ikamaliza ya 5, na msimu uliofuata ikawa ya 2 kwa pointi 84.

Kwa hiyo anayesema "tuwe na subira" inabidi aseme subira hiyo ni kwa nani. Na anayeshika fagio aonyeshe anaanzia wapi.

Mimi huanza na nafasi za mabao, kabla ya kumgusa mtu yeyote. Mabao yanayotarajiwa, yaani xG, hulipa kila shuti thamani kati ya 0 na 1 kulingana na umbali, pembe, kama limepigwa kwa mguu au kichwa, na aina ya pasi iliyolitangulia. Penalti huwa karibu 0.78. Jumlisha za timu yako, toa za wapinzani, gawanya kwa idadi ya mechi. Lakini ukiishia hapo utadanganyika. Ondoa penalti zote, kwa sababu moja tu inapotosha mechi nzima. Ondoa dakika zilizochezwa baada ya kadi nyekundu. Kisha tenganisha dakika ambazo matokeo yalikuwa sare na zile ambazo timu yako ilikuwa nyuma, maana anayeongoza hurudi kulinda na kukuachia mashuti mengi ya mbali. Timu inayofungwa dakika ya 15 kila wiki inaweza kuonekana nzuri kwenye jumla ya xG ilhali inapata nafasi baada tu ya mechi kuharibika. Na usihukumu kwa chini ya mechi kumi. Ratiba ya mechi tano dhidi ya vigogo inatosha kuipa sura mbaya timu nzima.

Baada ya kusafisha, soma tofauti kati ya xG yako na ya wapinzani. Timu yenye wastani wa +0.3 kwa mechi lakini pointi 9 katika mechi kumi ina shida ya umaliziaji, ya kipa, au ya bahati, na hapo subira ina mantiki. Borussia Dortmund ya 2014/15 ilishika mkia wa Bundesliga mwanzoni mwa Februari baada ya mechi 19, wakati takwimu zake za mashuti zilikuwa za timu ya nusu ya juu ya msimamo. Klabu haikumfukuza Jürgen Klopp katikati ya msimu. Ilimaliza ya 7 na kufika fainali ya Kombe la Ujerumani. Kinyume chake, timu yenye −0.6 kwa mechi na pointi 18 katika mechi kumi ni mgonjwa ambaye homa haijapanda, na mashabiki wake ndio hushangaa zaidi ifikapo Machi.

xG ina upofu wake. Krosi inayopita mbele ya goli bila mtu kuigusa haihesabiwi. Kipa mbovu pia hajifichui humo, kwa sababu thamani hupimwa kabla ya mpira kuelekea golini. Kumpima kipa unahitaji xG ya baada ya shuti, inayoangalia mpira ulilenga kona ipi, halafu ulinganishe na mabao aliyofungwa.

Kipimo cha pili hupuuzwa sana, nacho ndicho ninachokiamini zaidi kuhusu kocha: ukabaji wa juu, yaani kumkaba mpinzani karibu na goli lake. Hesabu wastani wa pasi ambazo mpinzani anapiga akiwa upande wake wa uwanja kabla wachezaji wako hawajamkaba, hawajaunasa mpira au hawajamchezea faulo. Timu inayokaba juu huruhusu pasi 8 hadi 10; namba ikipanda, ukabaji umelegea. Kama kocha ni yuleyule, mfumo uleule, lakini namba imepanda kutoka 9 hadi 14 ndani ya miezi miwili, kuna jambo. Angalia kwanza majeruhi na msongamano wa ratiba, kwa kuwa miguu iliyochoka huanza kuonekana kati ya dakika ya 60 na 75. Kama kulegea kunaanza dakika ya kwanza, na wachezaji ni wale wa kawaida, mara nyingi wameacha kuamini wanachoambiwa. Hapo subira kwa kocha imekwisha kazi, hata kama nahodha anamsifu mbele ya kamera kila wiki.

Sasa kufukuza kocha. Wengi wanaamini kocha mpya huleta mshtuko mzuri, na matokeo ya mwezi wa kwanza huonekana kuthibitisha. Kuna mtego wa hesabu hapo. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa ya kiwango chake cha kawaida, na kutoka hapo karibu kila timu hupanda kidogo. Watafiti waliochunguza ligi ya Uholanzi ya miaka ya 1986 hadi 2004 walilinganisha timu zilizofukuza kocha na zile zilizopitia mporomoko kama huo bila kufukuza. Zote zilipanda kwa namna inayofanana.

Hata hivyo kuna mabadiliko yanayofanya kazi kwelikweli. Xabi Alonso aliikuta Bayer Leverkusen ikiwa ya 17 Oktoba 2022, akaimaliza ya 6, na 2023/24 akachukua ubingwa bila kupoteza mechi ya ligi. Thomas Tuchel aliikuta Chelsea ya 9 Januari 2021, na Mei akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Zote mbili zilikuwa na wachezaji wazuri tayari, na kocha aliyekuja alitumia mfumo ambao wachezaji hao wangeuweza mara moja: mabeki watatu wa kati, mabeki wa pembeni wakipanda. Leverkusen walipoingia sokoni kiangazi cha 2023 walijaza mapengo maalumu. Granit Xhaka aliletwa kwa ajili ya kiungo, Alejandro Grimaldo akaja bure kwa upande wa kushoto, Victor Boniface akaongoza mashambulizi. Fagio halikuhitajika.

Linganisha na Manchester United ya 2024. Klabu ilimwongezea Erik ten Hag mkataba Julai, ikamnunulia wachezaji wakiwemo Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui waliowahi kucheza chini yake Ajax, kisha ikamfukuza Oktoba. Ruben Amorim akaja Novemba na mfumo wa mabeki watatu na mawinga-mabeki, dirisha la usajili likiwa limefungwa na kikosi hakina mawinga-mabeki wa kutosha. Walimaliza wa 15 kwa pointi 42. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote katika mjadala huu: subira wakati wa kuamua, yaani Mei na Juni, kisha haraka wakati ambao huwezi kurekebisha chochote. Kama vipimo vya Mei ni vibaya, kocha aondoke Mei. Kama ni lazima aondoke katikati ya msimu, iwe Novemba kwenye mapumziko ya mechi za timu za taifa, ili mpya apate majuma sita au zaidi ya kukijua kikosi kabla ya dirisha la Januari.

Kikosi ndicho penye ugumu wa kweli, na ndipo mashabiki wa fagio hukosea hesabu. Mchezaji aliyenunuliwa kwa milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano huingizwa vitabuni kama gharama ya milioni 12 kila mwaka. Baada ya miaka miwili thamani yake vitabuni ni milioni 36. Ukimuuza kwa milioni 25 umeandika hasara ya milioni 11 mwaka huohuo, ingawa fedha zimeingia. Wauze watano wa namna hiyo na umekaribia mipaka ya kanuni. Everton na Nottingham Forest zote zilikatwa pointi msimu wa 2023/24 kwa kuvuka kiwango cha hasara cha Ligi Kuu ya Uingereza, ambacho kwa klabu iliyokaa ligi hiyo miaka mitatu kilikuwa pauni milioni 105 kwa miaka hiyo mitatu. UEFA nayo inataka mishahara ya wachezaji na makocha, gharama za uhamisho na malipo ya mawakala visizidi asilimia 70 ya mapato. Mchezaji wa akademi thamani yake vitabuni ni sifuri, kwa hiyo bei yake yote ni faida. Ndiyo maana fagio la haraka huishia kuwaondoa vijana waliolelewa na klabu, na wale wenye mishahara minono na viwango vilivyoshuka wakabaki. Inauma kuliona hilo, na linajirudia.

Andika kikosi kizima kwenye karatasi: umri, dakika alizocheza misimu miwili, mwaka wa kumalizika mkataba, mshahara, thamani vitabuni. Wenye mwaka mmoja hadi mmoja na nusu uliobaki ndio wa kuamuliwa sasa, auzwe au aongezewe, kwa sababu ikibaki miezi sita anaruhusiwa kusaini mkataba wa awali na klabu nyingine, na Uingereza hiyo huwa klabu ya nje. Mwenye miaka 30, mshahara mkubwa na mkataba wa miaka mitatu ndiye anayezomewa zaidi na ndiye asiyeuzika: hakuna mnunuzi atakayemlipa kiasi kile. Njia zilizopo ni mkopo ambao klabu yake inaendelea kulipa sehemu ya mshahara, au kumlipa fidia avunje mkataba. Arsenal walimeza gharama hiyo kwa Özil na Aubameyang. Shabiki anayesema "auzwe" angesema pia nani atalipa tofauti.

Wangapi waingie kwa mara moja? Kwa maoni yangu, watatu au wanne wa kikosi cha kwanza kwa kiangazi kimoja, na uti wa mgongo usivunjwe wote kwa pamoja. Ukibadilisha kipa na mabeki wote wawili wa kati katika dirisha lile lile, mstari wa ulinzi haupandi pamoja. Mmoja anabaki nyuma hatua mbili, mshambuliaji hayuko tena kwenye kuotea, na mabao ya aina moja yanajirudia hadi Oktoba. Chelsea ya 2022/23 ilisajili wachezaji wanane Januari pekee. Kwa kuwa UEFA iliruhusu kuongeza watatu tu kwenye orodha ya hatua ya mtoano, Benoît Badiashile aliachwa nje ya Ligi ya Mabingwa. Msimu ule walipitia Tuchel, Graham Potter na Frank Lampard, wakafunga mabao 38 katika mechi 38, wakamaliza wa 12. Forest nao walisajili zaidi ya 20 kiangazi cha 2022, lakini sababu yao ilikuwa tofauti. Walikuwa wamepanda daraja huku nguzo kadhaa za kikosi zikiwa za mkopo na zimerudi kwao. Walipokuwa mkiani Oktoba, walimwongezea Steve Cooper mkataba, wakamaliza wa 16. Wachezaji wapya wengi kiasi kile wanahitaji sauti moja ya kuwafundisha.

Tarehe ya usajili nayo ina uzito. Maandalizi ya msimu ni wiki tano au sita. Anayefika mwanzoni mwa Julai anayapata yote. Anayefika siku ya mwisho ya dirisha hujifunza mfumo huku akipoteza pointi. Beki wa kati wa milioni 20 aliyesajiliwa Julai 3 namchagua mbele ya wa milioni 35 aliyesajiliwa siku ya mwisho.

Basi subira iwekewe masharti yanayoweza kuhesabika. Baada ya mechi ya 10: tofauti ya xG bila penalti isiwe chini ya sifuri, ukabaji usiwe umeporomoka, na angalau wawili kati ya wasajiliwa wapya wawe wanaanza. Baada ya mechi ya 19, nusu ya msimu, pima tena. Masharti mawili yakishindwa mara zote mbili, kocha aende. Yakitimia na pointi bado hazitoshi, acha kocha, nenda sokoni Januari.

Januari nunua mmoja au wawili, si zaidi. Bei huwa juu kwa sababu muuzaji hana muda wa kutafuta mbadala, kwa hiyo mkopo wenye kipengele cha kumnunua ni bora kuliko ununuzi wa moja kwa moja. Anza na nafasi ambayo mtu anaweza kuingia bila kujifunza mengi: kipa, winga au mshambuliaji wa kati. Kiungo mkabaji msubiri hadi kiangazi, labda kama wa kwako ameumia hadi mwisho wa msimu.