Stika ya bima huishia mpakani: jinsi ya kukata bima nafuu ya gari na kubaki na kinga ukivuka

Desemba inapokaribia, foleni za magari madogo hurefuka Namanga, Holili, Horohoro na Sirari. Familia za Dar, Moshi na Mwanza zinakwenda Nairobi na Mombasa, za Kenya zinashuka kwetu. Wengi hukagua tairi, oili na pasi za kusafiria, na wachache hukumbuka kuuliza kama bima ya gari nayo inasafiri. Jibu ni kwamba haisafiri. Bima ya lazima uliyokata Tanzania inamlinda mtu utakayemuumiza ndani ya Tanzania. Ukishapita geti la upande wa pili, ile stika haina nguvu ya kisheria, hata kama ndiyo kwanza umeilipia.

Dawa yake ipo tangu miaka ya 1980. Mwaka 1986 nchi za ukanda wetu zilisaini itifaki mjini Addis Ababa, na mwaka uliofuata ikaanza kazi Kadi ya Njano, cheti cha bima kinachotambulika katika nchi za mpango huo, ambayo leo inajulikana kama Kadi ya Njano ya COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini katika mpango huu wa bima ilibaki. Kwa hiyo Mtanzania anaitumia kadi hiyo Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Zambia na Malawi, na wenyeji wa nchi hizo wanaitumia wakija kwetu. Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi linapita Tunduma na Kasumbalesa kwa kadi moja. Bila kadi, dereva angenunua bima mpya kila mpaka, kwa bei ya atakayemkuta hapo.

Kadi hii haijitegemei. Inapandikizwa juu ya bima uliyonayo nyumbani, na kampuni iliyokukatia bima, au wakala wake, ndiyo inayoitoa. Bima yako ikiisha tarehe 20, kadi haiwezi kwenda hadi 30. Kila msimu tunapokea watu waliokata kadi ya mwezi mzima akilini mwao, kumbe bima mama ilikuwa na wiki moja tu. Kabla ya safari, linganisha tarehe tatu: siku ya kuvuka, siku ya kurudi na siku bima yako inapokoma. Ikikomea katikati ya safari, ihuishe kwanza, halafu ndiyo uombe kadi. Gharama ya kadi hutegemea aina ya gari, nchi unazopita na muda, kwa hiyo taja safari yako kama ilivyo. Ukiongeza Uganda njiani baada ya kuandikiwa Kenya peke yake, mwambie wakala kabla hujafika Busia au Malaba.

Kadi inalipa nini? Inambeba yule mwingine: mtembea kwa miguu, mwenye bodaboda, mwenye gari uliloligonga, kwa kiwango cha sheria ya nchi ajali ilikotokea. Ukimuumiza mtu Kenya, ni sheria ya Kenya, Sura ya 405, inayotumika, na humo bima ya lazima ina ukomo wa shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja. Kadi pia inasaidia matibabu ya dharura ya dereva na abiria waliomo ndani ya gari lako. Gari lako lenyewe halimo. Ukipata ajali Bonde la Ufa gari likaharibika, Kadi ya Njano haitanunua hata taa moja.

Hapo ndipo inaingia bima kubwa, ile inayolinda na gari lako lenyewe, na hapo ndipo nawasihi wasomaji wasome mkataba wao. Kuna kipengele kinachotaja eneo ambamo gari lina kinga. Mikataba mingine inataja nchi moja, mingine inataja Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kama nchi unayokwenda haimo, omba nyongeza kwa maandishi kabla ya safari. Neno la wakala kwenye simu, "haina shida mzee, utakuwa sawa", haliwezi kusimama mbele ya dawati la madai.

Sasa tuje kwenye unafuu, maana najua ndiyo kilio cha wengi. Kwa gari dogo la binafsi hapa kwetu, bima ndogo, yaani ile ya lazima inayomlinda mtu mwingine tu, tumezoea kuilipia shilingi 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa hukokotolewa kuanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 20 linazaa shilingi 700,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 826,000. Watu wengi wakiiona hesabu hiyo hutaja thamani ya milioni 10 ili walipe 413,000. Wanadhani wameokoa. Siku ya ajali mkaguzi anakuta gari lina thamani ya milioni 20, yaani umelikatia bima nusu. Uharibifu ukiwa wa milioni 4, kampuni ina haki ya kukulipa milioni 2, na humo bado itatoa kiasi ambacho mkataba unasema wewe mwenyewe unachangia. Thamani ya kweli ya gari sokoni leo ndiyo ya kuandika. Usiikuze wala kuipunguza, maana hata ukiikuza hutalipwa zaidi ya thamani halisi.

Unafuu halali upo kwingine. Kama hujadai kitu mwaka mzima, unastahili punguzo la kutodai, nalo halitakuja lenyewe, uliulizie. Ukihama kampuni, omba barua inayothibitisha historia yako. Kukubali kuchangia kiasi kikubwa kidogo kwenye kila dai nako hushusha ada, ilimradi uwe na akiba ya kuchangia. Na gari la zamani ambalo thamani yake imeshuka sana linaweza kutoshwa na bima ndogo. Mtu wa namna hiyo simlaumu, mradi ajue kwamba likiibwa hatalipwa. Dalali wa bima aliyesajiliwa anaweza kukuletea bei za kampuni kadhaa kwa mara moja, kwa hiyo usikubali ya kwanza.

Ninachokataa kabisa ni kusema gari ni la binafsi wakati linabeba abiria wa kulipa, ndani au nje ya nchi. Dai la namna hiyo hukataliwa, na aliyeumia anabaki akikudai wewe mwenyewe.

Na vishoka. Mpakani utakutana na vijana wenye karatasi za njano mkononi, wanaouza haraka na kwa bei ya kutupa. Hapa nchini hakuna kinga ya bima bila ada kulipwa, na kila stika halali inaonekana kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ingiza namba ya gari au ya stika, uone kampuni na tarehe kwa macho yako. Kadi ya Njano nayo ichukue kwa kampuni yako mjini, siku mbili tatu kabla. Msiichanganye na kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, hicho ni kitu kingine na forodha watakidai peke yake, pamoja na kadi ya gari. Kama gari si lako au kadi yake iko benki kwa ajili ya mkopo, beba barua ya mwenye mali.

Wanaoshuka kusini zaidi wajue kwamba Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini hazitumii Kadi ya Njano. Huko fedha ya fidia kwa wanaoumia barabarani hukusanywa kupitia bei ya mafuta, kwa hiyo ukijaza tanki umeshachangia. Afrika Kusini mfuko huo hufidia majeraha na vifo, haulipi gari ulilogonga. Kwa hilo unahitaji bima yako.

Ajali ikitokea ugenini, simamisha gari, saidia majeruhi, ita polisi. Usikiri kosa barabarani wala kuandikiana malipo na mtu, kwa sababu makubaliano hayo yanaweza kuifunga mikono kampuni yako. Mpe polisi nakala ya Kadi ya Njano, kisha piga simu kwa kampuni yako siku hiyohiyo. Kila nchi katika mpango huu ina ofisi ya taifa inayosimamia madai ya kadi, na kampuni yako itakuelekeza kwake. Piga picha za namba za magari, alama za breki na leseni ya mwenzako. Ripoti ya polisi huchukua siku, na wengi hurudi nyumbani bila kuwa na chochote mkononi. Usivuke mpaka kabla hujapata namba ya jalada, jina la kituo na jina la askari anayeshughulikia kesi, kwa sababu kuyatafuta hayo ukiwa Dar ni kazi ya miezi.