Matriksi inayobadilishana nafasi na derivativu yake

Tuseme vipengele vyote vya matriksi A (jedwali la namba) vinategemea t, na A′ ni derivativu yake, yaani kasi ya mabadiliko yake. Derivativu ya A² si 2AA′; ni AA′ + A′A, kwa kuwa kwenye matriksi mpangilio wa kuzidisha una uzito. Ila pale AA′ = A′A, yaani A na A′ zinapobadilishana nafasi bila jibu kubadilika, kanuni tulizozizoea kwenye namba hurudi zote: derivativu ya Aⁿ ni nAⁿ⁻¹A′, na ya e^A ni A′e^A. Ndiyo sababu mlinganyo X′ = BX hutatulika kwa mstari mmoja B ikibadilishana nafasi na integrali yake.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: je, sharti hilo linalazimisha A(s) na A(t) zibadilishane nafasi kwa s na t zozote?

Thamani za aigeni (namba λ ambazo Av = λv kwa vekta v isiyo sifuri, iitwayo vekta ya aigeni) zikiwa tofauti zote, ndiyo. Chukua Av = λv. Kwa kuwa A′ inabadilishana nafasi na A, lazima A′v = μv. Sasa tafuta derivativu ya Av = λv, utapata (A − λ)v′ = (λ′ − μ)v. Hapa A − λ haiwezi kamwe kuzaa v, kwa hiyo pande zote mbili ni sifuri, na v′ inalala kwenye mstari uleule wa v. Vekta za aigeni hazigeuki, na A zote zinazitumia zilezile.

Thamani zikigongana, mambo hubadilika kabisa. Weka u = (1, t, t²) na v = (t², −2t, 1), zote safu wima, kisha A = uvᵀ (vᵀ ni v iliyolazwa kuwa mstari):

t²  −2t  1
t³  −2t²  t
t⁴  −2t³  t²

Kokotoa mwenyewe: v·u, v·u′ na v′·u zote ni sifuri, hivyo AA′ = A′A = 0. Lakini v(s)·u(t) = (s − t)², na hapo

A(s)A(t) = (s − t)² u(s)v(t)ᵀ.

A(0)A(1) ina 1, −2, 1 kwenye mstari wa kwanza na sifuri kwingine kote. A(1)A(0) ina 1 tatu kwenye safu ya mwisho tu. Uzuri wote uko kwenye kile kipeo cha pili. Derivativu hupima tofauti ya daraja la kwanza tu kati ya s na t zilizo jirani, na kutoelewana kwa matriksi hizi kunaanzia daraja la pili.

Kwa 2×2, mfano wa polinomia kama huu haupo. A ikiwa na mfululizo wa Taylor unaoiwakilisha kila mahali, jibu ni ndiyo. Kulivunja kunahitaji fanksheni kama e^(−1/t²): izidishe kwa M pale t ni hasi, kwa N pale t ni chanya, weka sifuri katikati, na uchague matriksi M na N ambazo MN ≠ NM.