Feloshipu za utafiti kwa wanahabari: yanayosemwa kwenye vyumba vya habari na yaliyo kweli

Katika vyumba vingi vya habari vya Tanzania na Kenya, tangazo la feloshipu, yaani nafasi ya kugharamiwa mwanahabari akae kwa muda mahali pengine akijifunza, akitafiti au akiandika, huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp siku chache kabla ya dirisha la maombi kufungwa, na kabla halijasomwa hadi mwisho huwa limeshapata wafasiri: hiyo ni ya wenye shahada ya uzamili, hiyo ni ya magazeti ya Kiingereza, hiyo ina wenyewe. Mengi kati ya hayo hayana msingi.

Dhana inayowarudisha wengi nyuma ni kuichukulia feloshipu kama ufadhili wa masomo. Nieman Foundation ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoanza kupokea wanahabari mwaka 1938, haidai shahada kwa mwombaji, wala anayemaliza mwaka wake pale haondoki na shahada. Kinachodaiwa ni uzoefu wa kazi usiopungua miaka 5. Reuters Institute ya Oxford, ambayo mpango wake wa kupokea wanahabari ulianza mwaka 1983, nayo huuliza mtu amefanya kazi miaka mingapi. Nat Nakasa, mwandishi wa jarida la Drum la Afrika Kusini, alikwenda Harvard mwaka 1964 akiwa hana shahada yoyote.

Ipo pia imani kwamba aliyeandika kwa Kiswahili miaka yote hana cha kuonyesha. Kiingereza kinahitajika kweli, kwa kuwa ndiyo lugha ya mihadhara na ya usaili, na anayejikongoja nacho asijidanganye. Sampuli za kazi, hata hivyo, ni jambo jingine, kwa sababu makala ya Mwananchi au ya Taifa Leo huweza kutumwa pamoja na tafsiri yake, na kipindi cha redio pamoja na maandishi ya yaliyosemwa. Namkumbuka mwenzetu mmoja aliyetuma makala yake dhaifu kuliko zote kwa vile tu ndiyo pekee aliyokuwa ameiandika kwa Kiingereza, huku uchunguzi wake kuhusu dawa zilizokwisha muda katika zahanati za vijijini ukibaki kwenye faili.

Kosa kubwa zaidi limo kwenye pendekezo la utafiti. Wengi huamini kwamba kamati inatafuta mada pana, nzito, yenye sura ya kimataifa, kwa hiyo huandika “Nafasi ya vyombo vya habari katika maendeleo ya Afrika”, kichwa ambacho kingeweza kuandikwa na mtu yeyote, popote, mwaka wowote. Msomaji wa maombi hutafuta swali linaloweza kujibiwa ndani ya muda uliopo, ambao pengine ni miezi michache tu, na hutaka kuona kwa nini ni huyu anayeliuliza na si mwingine. Chukua kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizotungwa Tanzania mwaka 2018, ambazo ziliwataka wenye blogu walipie leseni. “Uhuru wa habari Tanzania” ni bahari. Lakini anayeuliza waandishi wa blogu za mikoani zilizofungwa wakati ule walikwenda wapi, nani alirudi na kwa fedha ya nani, na habari za vikao vya madiwani walizokuwa wakiziandika sasa zinaandikwa na nani, huyo ana watu wa kuwapigia simu, ana nyaraka za kutafuta na ana tarehe ya kuanzia. Hapo mwandishi wa wilayani, aliyekaa kwenye benchi la nyuma la ukumbi wa halmashauri mwaka hadi mwaka, ana mtaji ambao mwenzake wa makao makuu hana, na kwa maoni yangu ndiye anayejidharau bure kuliko wote.

Si kila feloshipu ni ya utafiti, na sharti la umri halifanani. Mfuko wa wanahabari wenye jina la Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa aliyefariki ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, mwaka 1961, huwapeleka New York wanahabari wa nchi zinazoendelea wenye umri wa miaka 25 hadi 35 waandike habari za Baraza Kuu. Anayepeleka huko pendekezo la utafiti wa Oxford amepoteza karatasi.

Kuhusu madalali wanaodai kuuza nafasi hizi, neno moja linatosha: feloshipu ya kweli haimwambii mwombaji atume fedha kwenye namba ya simu ya mtu.

Wapo, hatimaye, wanaoiona feloshipu kuwa mlango wa kuhamia Ulaya au Marekani. Kwa kawaida anayekwenda Harvard kwa mpango wa Nieman huingia Marekani kwa viza ya J-1, ya mabadilishano, na baadhi ya wenye viza hiyo hulazimika kurudi kwao kwa miaka 2 kabla ya kuomba ukaazi. Nakasa hakuchagua kuhama: serikali ya ubaguzi wa rangi ilimnyima pasipoti, akatoka kwa kibali cha kutorejea, na mwaka 1965 akafariki New York. Mabaki yake yalirudishwa Afrika Kusini mwaka 2014.