Fulana ya chungwa: wanachofundishwa watoto wetu Septemba 30

Kila Septemba ikikaribia kwisha, wazazi wenzangu Waswahili hapa British Columbia, jimbo la Kanada, hunipigia simu: shule imesema mtoto avae fulana ya rangi ya chungwa tarehe 30, kuna sherehe gani? Kwa kuwa nafundisha maarifa ya jamii sekondari, bora niwajibu wote kwa pamoja.

Si sherehe. Mwaka 1973 Phyllis Webstad, mtoto wa miaka sita wa Secwépemc, moja ya mataifa ya watu wa asili wa hapa, alipelekwa St. Joseph's Mission, shule ya bweni ya watoto wa asili karibu na Williams Lake. Bibi yake alikuwa amemnunulia shati jipya la rangi ya chungwa. Siku ya kwanza tu akavuliwa, na hakulivaa tena. Mwaka 2013 alikisimulia kisa hicho hadharani, shule zikakipokea, na mwaka 2021 serikali ya Kanada ikaifanya Septemba 30 kuwa siku rasmi ya kitaifa ya kukumbuka yaliyotokea katika shule kama hiyo. Septemba ndio msimu ambao watoto walikuwa wakichukuliwa makwao.

Zaidi ya watoto 150,000 wa watu wa asili wa Kanada, yaani Mataifa ya Kwanza, Wametis na Wainuit, walipitia shule hizo za bweni, serikali ikitoa fedha na makanisa yakiziendesha. Walikatazwa lugha zao, wengi waliteswa, maelfu walifia huko. Za mwisho zilifungwa miaka ya 1990, juzi tu. Sisi tuliovishwa kibao shingoni huko Kenya kwa kusema lugha ya mama tunalielewa jambo hili upesi. Ila sisi jioni tulirudi nyumbani, na bibi akatusemesha lugha ile ile tuliyochapiwa mchana.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo, ilipomaliza kazi mwaka 2015 ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua. Wa 62 unataka historia hii iwe somo la lazima tangu chekechea hadi darasa la 12, mtaala ukiandaliwa pamoja na manusura na watu wa asili wenyewe. Hapa British Columbia, tangu mwaka wa masomo wa 2023/24, mwanafunzi hahitimu sekondari bila krediti 4 (alama anazopata kwa kumaliza somo) za masomo yanayohusu watu wa asili.

Kwenye karatasi ni rahisi. Chukua lile tamko la kutambua kwamba shule imejengwa juu ya ardhi ya taifa fulani. Katika jimbo hili lina uzito wa pekee, maana sehemu kubwa ya ardhi haikuwahi kutolewa kwa mkataba wowote. Likisomwa mbiombio kwenye kipaza sauti, katikati ya tangazo la mpira na la chakula cha mchana, wanafunzi hawalisikii. Mimi nawapa ramani: taifa lililotajwa asubuhi linaishi wapi leo, ofisi yake iko mtaa gani, mto tunaouvuka kwa basi waliuitaje, na kesi gani ya ardhi iko mahakamani sasa. Hapo maswali huanza, na mengine siyawezi.

Jingine ni hadithi. Kwa mataifa mengi ya pwani hii, hadithi na nyimbo ni mali ya ukoo. Mwalimu hachomoi tu hadithi na kuiigiza darasani. Huomba ruhusa kwa wenyewe. Kumwalika darasani mzee wa taifa la asili nako kuna adabu zake. Kwa Wacree, watu wa asili wa nyanda za kati za Kanada, unayemwomba mzee maarifa hutanguliza tumbaku. Huku pwani hiyo si desturi ya kila taifa, kwa hiyo unapiga simu kwanza kuuliza. Na mzee analipwa. Shule inayomlipa mtaalamu wa kompyuta halafu ikamshukuru mzee kwa kikombe cha kahawa haijaelewa somo lenyewe.

Wazazi wengine huniambia, “Mwalimu, haya ya Wazungu na wenyeji, sisi yanatuhusu nini?” Sisi nasi tumejenga maisha juu ya ardhi hiyo hiyo. Na darasani hakuna mtoto anayebebeshwa hatia. Wadogo husomewa kisa cha shati, habari za makaburi ya watoto waliofia katika shule hizo huja wakikua.

Fulana ikinunuliwa, iwe yenye mchoro wa msanii wa asili aliyelipwa; mtandaoni za wizi wa michoro zimejaa. Na mwenye mtoto darasa la 10 au 11 amwulize mshauri wa masomo sasa hivi zile krediti 4 atazipatia somo gani, asingoje mwaka wa mwisho.